Ngozi ya Jonas Wright, na Wavuma waliobebeshwa lawama

Katika maktaba ya shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kuna kitabu kinene cha Kilatini kilichochapishwa Madrid mwaka 1605 na 1606. Mwandishi wake ni Juan Gutiérrez, mwanasheria Mhispania, na jina la kitabu ni refu, linaanza hivi: Practicarum quaestionum circa leges regias Hispaniae. Kinahusu maswali ya sheria za wafalme wa Hispania. Jalada lake lina rangi ya manjano iliyochujuka, limekakamaa, kingo zimejikunja, na hapa na pale lina mabaka ya kahawia na meusi. Ukikikuta rafuni utakipita kama vitabu vingine vya umri wake. Umaarufu wake unatoka kwenye ukurasa wa 794, ambao ndio wa mwisho. Hapo mtu fulani ameandika kwa mkono, kwa wino wa zambarau na kwa Kiingereza, maneno ambayo nayafasiri hivi:

"Jalada la kitabu hiki ndicho kitu pekee kilichobaki cha rafiki yangu mpenzi Jonas Wright, aliyechunwa ngozi yu hai na Wavuma siku ya nne ya Agosti, 1632. Mfalme Mbesa alinipa kitabu hiki, kwa kuwa kilikuwa mojawapo ya mali kuu za maskini Jonas, pamoja na ngozi yake ya kutosha kukijalidi."

Kisha yanafuata maneno matatu ya Kilatini ya kumwombea marehemu apumzike kwa amani.

Maktaba ilikinunua kitabu hicho Februari 1946 kwa muuza vitabu adimu wa New Orleans, kwa dola 42 na senti 50. Tangu hapo hadi mwaka 2014 kilihesabiwa miongoni mwa maajabu ya Harvard, kitabu kilichovikwa ngozi ya mtu. Kisha kikapimwa, ikaonekana ngozi ile ni ya kondoo. Wengi waliona kisa kimeishia hapo. Mimi naona kimeishia nusu. Maabara iliondoa tuhuma kwenye jalada, lakini kuna watu waliotajwa kwa jina katika maandishi yale, watu wenye nchi yao na wajukuu wao hadi leo, na maabara haikuwa na namna ya kuwaondolea tuhuma yao. Lugha inayo. Anayejua Kiswahili cha kawaida tu ana ushahidi mkononi, na ushahidi wenyewe ni silabi moja.

Wavuma ni nani

Nilipoyasoma maandishi yale mara ya kwanza, ngozi haikunisimamisha. Nilisimama kwenye neno "Wavuma".

Buvuma ni visiwa vilivyo kaskazini mwa Ziwa Nyanza, yaani Ziwa Victoria, karibu na Jinja, mahali Nile inapoanza safari yake. Leo ni wilaya ya Uganda. Wenyewe na jirani zao husema Buvuma kwa nchi, Bavuma kwa watu, Muvuma kwa mtu mmoja. Sisi tunaosema Kiswahili tunawaita Wavuma, kama tunavyosema Waganda kwa Baganda na Wasoga kwa Basoga. Ni watu wa maji: mitumbwi, uvuvi, na zamani vita vya majini vilivyowasumbua wafalme wa bara kwa miaka mingi.

Sasa angalia walivyoelezwa. Kabla ya kipimo cha 2014, maelezo ya Kiingereza yaliyokuwa yakizunguka juu ya kitabu hiki yalisema Wavuma wanaaminika kuwa kabila la eneo ambalo sasa ni Zimbabwe. Kutoka Buvuma hadi Zimbabwe ni kama kilomita 2000. Sisemi hivi kumkejeli mtu. Nasema kwa sababu kosa hilo linaonyesha jinsi kisa kilivyosomwa: macho yote yalikuwa kwenye ngozi, na waliodaiwa kuchuna wakawa ni "kabila fulani la Afrika", popote pale. Laiti mtu mmoja angeuliza Kampala, au Kisumu, au Mwanza, angejibiwa papo hapo Buvuma iko wapi. Na akishajua iko wapi, tarehe ya 1632 ingeanza kumwasha.

Kipimo

Kabla sijafika kwenye tarehe, nieleze kipimo, maana kimefanywa vizuri na kinastahili kueleweka.

Zamani mafundi walikuwa wakitazama vinyweleo. Ngozi ya kila mnyama ina mpangilio wake wa vitundu vya nywele, na mtu mwenye uzoefu huamua kwa macho au kwa lenzi. Tatizo ni kwamba ngozi hunyoshwa inapokaushwa, na huvutwa tena inapojalidiwa. Aliyewahi kuona ngozi ikiwambwa ngomani anajua jinsi vitundu vinavyosogea na kupanuka. Kwa hiyo macho hudanganya. Mwaka 1992 kilifanywa kipimo cha DNA, nacho hakikutoa jibu. Kusindika ngozi huiharibu DNA, na hata ingebaki, kitabu kilichoshikwa na mikono ya watu kwa karne nne kimejaa jasho na chembe za ngozi za wasomaji wake. Ukitafuta binadamu kwenye jalada la kitabu cha maktaba, utampata tu.

Njia iliyotumika 2014 hutazama protini. Sehemu kubwa ya ngozi ni kolajeni, protini ileile inayoifanya supu ya makongoro igande ikipoa. Kolajeni ya kondoo, ya ng'ombe na ya binadamu zinafanana sana, ila zinatofautiana hapa na pale. Mtaalamu huchukua kipande kidogo mno cha ngozi, akakitia kimeng'enya kinachoikata protini mahali maalumu, kisha vipande vinavyopatikana hupimwa uzito kwa mashine iitwayo spektrometa. Kila mnyama hutoa mpangilio wake wa uzito, nao hulinganishwa na mpangilio wa wanyama wanaojulikana. Kolajeni huvumilia miaka na dawa za kusindikia kuliko DNA, na jasho la msomaji haliwezi kujifanya ngozi ya kondoo.

Daniel Kirby, mtaalamu wa uhifadhi wa hapo hapo Harvard, alichunguza sampuli 9 kutoka jalada la mbele, la nyuma, na gundi. Jalada lote lilikuwa kondoo. Gundi ilikuwa mchanganyiko wa ng'ombe na nguruwe. Jonas Wright hakuwemo popote.

Maktaba, ikitangaza matokeo, ilitoa maelezo mawili yanayowezekana. La kwanza, pengine kitabu kiliwahi kuwa na jalada jingine kabla hakijafika Harvard, likabadilishwa. La pili, pengine maandishi yale ni mawazo ya mtu aliyependa mambo ya kutisha.

Ni maelezo ya kiungwana, na mkutubi mwangalifu hana budi kuyatoa yote mawili. Lakini lile la kwanza ndilo linalonikera. Likikubaliwa, kondoo anakuwa jalada la pili tu, na nyuma yake anabaki Jonas aliyechunwa, na nyuma ya Jonas wanabaki Wavuma na kisu mkononi. Kipimo cha protini hakiwezi kuufunga mlango huo, maana hakiwezi kupima jalada ambalo halipo.

Silabi moja

Tulitazame neno lenyewe. Mwandishi wa maneno yale hakuandika Bavuma. Aliandika Wavuma, kwa kiambishi wa-, kiambishi chetu cha watu.

Kwa jamii ya kaskazini mwa Nyanza, umbo hilo lina njia moja tu ya kumfikia Mwingereza: kinywani mwa mtu wa Kiswahili. Ndiyo njia iliyoleta jina la nchi nzima. Wenyewe wanasema Buganda, lakini dunia inasema Uganda, kwa kuwa wasafiri wa kwanza wa Ulaya waliongozwa na kutafsiriwa na watu wa pwani, nao waliondoa bu- wakaweka u-. Vitabu vya Kiingereza vya karne ya 19 vimejaa majina ya namna hiyo: Waganda, Wasoga, Wavuma, na nchi zao Uganda, Usoga, Uvuma.

Basi ili Mwingereza wa 1632 aandike "Wavuma", lazima awe ametembea na Waswahili hadi Nyanza mwaka huo, au kabla yake. Hapo ndipo tarehe inapovunjika. Mwaka 1632 pwani ilikuwa na moto wake. Mwaka mmoja nyuma, Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa alikuwa amewaasi Wareno ndani ya Ngome ya Yesu. 1632 akaondoka kwa bahari na Wareno wakairudia ngome. Waingereza walijulikana visiwani kwa kupita: meli ya James Lancaster ilitia nanga Unguja tangu 1591. Ila kutoka pwani hadi Nyanza ni habari nyingine kabisa. Simulizi za Buganda zinakumbuka vikombe na sahani za pwani kufika kwa Kabaka Kyabaggu, karne ya 18, na hivyo ni vyombo tu, vilivyopita mikono mingi. Wafanyabiashara wa pwani wenyewe waliingia kwa Kabaka Suuna II katika miaka ya 1840. Mzungu wa kwanza, John Hanning Speke, alifika Buganda 1862. Jonas Wright na rafiki yake wangewatangulia wote hao kwa miaka zaidi ya 200, wakiwa na kitabu cha sheria za Hispania cha kurasa 794 mzigoni, kisha mmoja wao akarudi salama na ngozi ya mwenzake, asimsimulie mtu mwingine yeyote safari hiyo ila ukurasa wa mwisho wa kitabu.

Halafu kuna mfalme. "Mbesa" huyu, jirani ya Wavuma, ni nani?

Kabaka Mutesa wa Kwanza alitawala Buganda kuanzia 1856 hadi 1884. Kwa Kiganda jina lake lina maana ya mtu wa kushauriana. Mswahili akilisikia anasikia "kutesa", lakini hiyo ni sadfa ya lugha mbili za ukoo mmoja. Speke alilifikisha kwa wasomaji wa Kiingereza kama "Mtesa", kwa m- bila u, yaani kama Mswahili anavyolitamka. Aliyelitangaza zaidi ni Henry Morton Stanley. Novemba 1874 Stanley aliondoka Bagamoyo na msafara wa watu zaidi ya 300, wengi wao kutoka Unguja, na lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili. Aprili 1875 alikutana na Mutesa, naye Kabaka alikuwa na watu wanaojua Kiswahili barazani, na mwenyewe akikijua. Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na misheni huko Unguja, alibaki kwa Kabaka akimsomea Biblia kwa Kiswahili.

Na kati ya Agosti na Oktoba mwaka huo wa 1875, Mutesa alikuwa vitani. Na nani? Na Wavuma. Stanley alikuwa kambini mwake, ufukweni, akiangalia jeshi kubwa la bara likishindwa kuvuka mlango mwembamba wa maji kwa sababu mitumbwi ya visiwani ilikuwa na mabaharia wazuri zaidi. Alishauri itengenezwe ngome ya kuelea, mitumbwi mikubwa iliyofungwa pamoja na kuzungushiwa ukuta wa miti. Mwishowe Wavuma walikubali kutoa kodi. Kisa hicho chote kilitoka katika kitabu cha Stanley mwaka 1878, na kilisomwa sana Ulaya na Marekani. Ndani yake Mtesa na Wavuma wanatembea pamoja ukurasa baada ya ukurasa.

Majina mawili yaliyo katika maandishi ya zambarau, ya kabila na ya mfalme, yanakutana humo. Tofauti ni herufi moja: t imekuwa b. Hukumu yangu ni kwamba aliyeandika alikuwa amesoma habari za vita vya 1875, moja kwa moja au kwa kusimuliwa, akachukua majina yaliyomvutia, akayarudisha nyuma hadi 1632 ili yaendane na umri wa kitabu. Hata Agosti imebaki Agosti.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi katika ulinganisho huu. Stanley anasimulia kwamba katika vita hivyo alitekwa chifu mzee wa Kivuma, na Mutesa akataka kumchoma moto. Stanley akamsihi, mpaka akamwachilia. Kwa hiyo katika habari yenyewe, mtu ambaye mwili wake ulikuwa hatarini alikuwa Mvuma. Katika maandishi ya ukurasa wa 794 amegeuzwa kuwa mchunaji.

Nimejiuliza maswali ambayo msomaji wa Tanzania atauliza pia. Je, si Ruvuma? Na Mbesa si kijiji cha Tunduru, mkoani humo humo Ruvuma? Niliposoma mara ya pili wazo hilo lilinijia kwa nguvu, maana majina mawili kukaa mkoa mmoja si jambo la kupuuza. Lakini Ruvuma ni mto, na watu wake ni Wayao, Wamakua, Wamakonde, Wamatambwe. Hakuna kabila la mto huo linaloitwa Wavuma. Mbesa nayo ni jina la mahali, na maandishi yanataka mfalme. Nyanza inatoa vyote viwili, kabila na mfalme, ndani ya vita moja. Ruvuma inatoa mwangwi tu.

Tahajia nayo inashuhudia. Mwandishi ametia herufi za ziada kila alipopata nafasi: "bynding", "booke", "deare friende", "chiefe". Waingereza wa 1632 waliandika hivyo mara nyingine, ni kweli. Ila hapa zimerundikana kwa namna ninayoitambua, maana sisi pia tunao watu wa aina hiyo. Mtu anatunga beti jana, anaandika "nti" badala ya nchi na "mato" badala ya macho, anachomeka "nduza" mahali ambapo "ndugu zangu" ingetosha, kisha anakuambia amezipata kwenye sanduku la babu, za zama za Muyaka, yule mshairi wa Mombasa. Mjuzi hazitilii shaka kwa neno moja la kale. Huzitilia shaka kwa wingi wa mambo ya kale mahali padogo. Wino wa zambarau sitauhukumu, kwa kuwa rangi hiyo ilikuwepo tangu kale, ingawa ilienea kwa bei nafuu baada ya William Henry Perkin kuigundua ya kiwandani mwaka 1856.

Kitabu cha pili

Mwaka huo huo wa 2014, katika maktaba nyingine ya Harvard, ile ya vitabu adimu iitwayo Houghton, kitabu kingine kilipimwa kwa njia ileile. Hiki ni cha Kifaransa, Des destinées de l'âme, cha Arsène Houssaye, tafakuri juu ya roho na maisha baada ya kifo. Houssaye alimpa rafiki yake, daktari Ludovic Bouland. Ndani yake mna karatasi yenye maandishi ya Bouland mwenyewe. Anasema kitabu hiki kimejalidiwa kwa ngozi ya binadamu; kwamba hakikutiwa nakshi yoyote, ili umaridadi wake usipotee; kwamba ukitazama kwa makini utaviona vinyweleo; kwamba kitabu kuhusu roho ya mwanadamu kilistahili kuvikwa vazi la mwanadamu; na kwamba alikuwa amekitunza kipande hicho cha ngozi, kilichochukuliwa mgongoni kwa mwanamke.

Kipimo kilithibitisha. Jalada lilikuwa mtu.

Yule mwanamke alikuwa mgonjwa aliyefia hospitalini ambako Bouland alifanya kazi. Ngozi ilichukuliwa bila ridhaa. Karatasi haimtaji jina. Bouland anasifia jinsi ngozi inavyobadilika kwa namna ya kusindikwa, na anakumbusha kwamba anacho kingine, kidogo, chenye jalada la ngozi ya binadamu iliyotiwa dawa ya mmea uitwao kwa Kiingereza sumac. Hicho sasa kiko London, katika mkusanyiko wa Wellcome. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi na bado yananitia baridi, kwa sababu hayana hasira wala woga. Ni fundi anayeeleza malighafi.

Kitabu cha Houssaye kiliwekwa Harvard mwaka 1934 na John B. Stetson Jr., na mjane wake akakitoa zawadi kamili mwaka 1954. Machi 2024 Harvard ilitangaza kwamba imeliondoa jalada hilo. Ilikiri kwamba kwa miaka mingi haikukitunza kwa heshima: wanafunzi waliofanya kazi maktabani walikuwa wakitumwa kukileta bila kuambiwa ni nini, kama mzaha wa kumkaribisha mgeni kazini, na matangazo ya 2014 yaliandikwa kwa lugha ya kuchekesha. Maktaba iliomba radhi, ikasema inashauriana na mamlaka za Ufaransa kuhusu namna ya heshima ya kuyahifadhi mabaki. Hilo ni jambo jema, na nalisema bila kusita.

Viweke vitabu hivi viwili mezani. Kimoja kinasema Waafrika walimchuna Mzungu, nacho ni kondoo. Kingine kinasema daktari wa Ulaya alitunza ngozi ya mwanamke na kukijalidi kwayo, nacho ni kweli. Na hali hiyo haikuwa ya peke yake. Kufikia 2019 watafiti wa Marekani wanaovifuatilia vitabu vya namna hii walikuwa wamepima 31. 18 vilithibitika kuwa vya ngozi ya binadamu, 13 vikawa vya wanyama. Miongoni mwa vilivyothibitika, madaktari wa karne ya 19 wanajitokeza tena na tena. Philadelphia kuna vitabu vitatu vilivyojalidiwa na daktari John Stockton Hough kwa ngozi ya Mary Lynch, mhamiaji maskini kutoka Ireland aliyefia katika hospitali ya wasiojiweza mwaka 1869, akiwa na miaka 28. Mahali ngozi ilipochukuliwa kweli palikuwa wodini na kwenye meza ya kupasulia maiti, kwa maskini wasio na ndugu wa kuja kudai mwili.

Ndiyo maana sikubali kisa cha Jonas Wright kihesabiwe kuwa utani wa zamani usio na madhara. Kilifanya kazi. Kilimwezesha msomaji wa Boston au New York kuamini kwamba ukatili wa namna hii ni wa mbali, wa msituni, huku wenyewe ukiwa rafuni mwa jirani yake. Na Wavuma walikuwa na maisha yao wakati huo. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwaua watu zaidi ya 200,000 kando ya Nyanza, na visiwa vya Buvuma vilikuwa miongoni mwa vilivyoumizwa sana. Serikali ya kikoloni ikaamuru visiwa vihamwe. Watu waliacha makaburi, migomba na mitumbwi, wakaishi ugenini kwa miaka kabla ya kurudi. Hayo ndiyo yanayopaswa kumjia mtu akilini akisikia jina Wavuma, pamoja na ubaharia uliomzuia Mutesa ufukweni. Jonas Wright, ambaye kwa ushahidi wote huu sioni kama aliwahi kupumua, amepewa jina, tarehe ya kifo na dua ya Kilatini. Mwanamke wa Bouland hana hata kimoja.

Kinachotakiwa kufanywa

Sitaki kitabu cha Gutiérrez kifichwe, wala ukurasa wa 794 ufutwe. Maandishi ya kughushi ni hati pia. Yanatueleza aliyeyaandika alikuwa amesoma nini na aliwaza nini juu yetu. Ninachotaka ni maelezo ya kitabu yakamilike. Kila anayekitaja hueleza kwamba ngozi ni ya kondoo, na wengi huishia hapo, au huongeza kwamba asili ya maandishi ni fumbo. Kwa upande wa tarehe na majina, fumbo ni dogo kuliko linavyosemwa.

Kama ningepewa nafasi ya kuandika maelezo hayo, ningeandika hivi: Wavuma ni watu wa visiwa vya Buvuma, Uganda. Jina lao hapa limeandikwa kwa umbo la Kiswahili lililoingia katika vitabu vya Kiingereza karne ya 19. Pamoja na jina la mfalme, linaelekeza kwenye habari za vita vya Kabaka Mutesa vya 1875. Tarehe ya 1632 ni ya uongo. Wavuma hawakumchuna mtu aliyetajwa hapa.